Madopar ya kuyeyusha kwa mguu unaokaza alfajiri: uzoefu wangu

Nina Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili, na katika mateso yake yote kutetemeka ndiko kunakonisumbua kidogo. Kilichokuwa kikinitoa machozi ni mguu wa kushoto kukaza alfajiri. Vidole vinajikunja, kidole gumba kinasimama peke yake, wayo unapinda kwa ndani, na shavu la mguu linakuwa gumu kama jiwe la kusagia. Sakafu hukanyagi. Mke wangu alikuwa akiuweka mguu pajani kwake na kuukanda mpaka ulegee, na swala ya alfajiri naiswali nimekaa.

Kabla ya hapo nilijaribu mengi. Dawa ya kuchua ilinipa joto zuri, shida ikabaki palepale. Magnesiamu nilimaliza boksi zima. Kilicholainika ni choo, si msuli. Jirani yangu, mtu mwema sana, akaniletea kwinini, ile ile ya malaria. Daktari aliniambia niirudishe. Ni kweli wazee wengi waliitumia kwa miguu kukaza, lakini huko Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa, ilionya tangu 2006 isitumike kwa jambo hilo, maana inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kushusha chembe za kugandisha damu.

Daktari huyo wa mishipa ya fahamu aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: dozi ya mwisho ya usiku unakunywa saa ngapi? Nikamwambia saa mbili. Akacheka. Levodopa, dawa yangu ya Parkinson, haikai sana mwilini, kwa hiyo alfajiri inakuta imeshakwisha, na kwa wagonjwa wa Parkinson dawa ikiisha misuli huweza kujikaza yenyewe. Madaktari wanaita distonia. Ndiyo maana dawa ya kuchua na magnesiamu havikufua dafu.

Akaniandikia Madopar ya kuyeyusha, yaani levodopa na msaidizi wake benserazidi, niinywe nikiwa bado kitandani. Unakitia kidonge kwenye maji kidogo, kinageuka kama maziwa mepesi. Koroga tena kabla ya kunywa, la sivyo dawa inabaki chini ya kikombe, na usikiache zaidi ya nusu saa. Ladha si ya kusifia. Mimi mkono unatetemeka, glasi ya kawaida nusu yake inaishia kwenye shuka, hivyo natumia kikombe cha mtoto chenye mfuniko. Wajukuu wanacheka, waache wacheke.

Naamka kabla ya adhana, nakunywa, nalala tena. Kwangu baada ya kama nusu saa vidole vinaanza kufunguka kimoja kimoja. Kwa kidonge cha kawaida nilikuwa nangoja mpaka jua litoke. Sasa asubuhi nyingi naenda msalani bila kushikwa mkono.

Kasoro zipo. Tumbo tupu linanipa kichefuchefu, nakitoa kwa kipande cha mkate mkavu. Chai ya maziwa, mayai na maharage vinasubiri, kwa kuwa protini inagombania njia moja na dawa. Ukisimama ghafla kizunguzungu kinakupata, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Na usiige dozi yangu: ikizidi, mwili unaanza kujinyonganyonga wenyewe, na daktari wako ndiye anayejua unakunywa nini kingine.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya kuitafuta. Hapa Tanga duka la kwanza la dawa hawakuijua, la pili wakataka kunipa ya kumeza inayotoa dawa polepole wakidai ni ile ile. Si ile ile, hiyo haiyeyushwi wala haivunjwi. Mpwa wangu ananinunulia Dar na kuituma kwa basi, na bei si ya mstaafu.

Kidole gumba bado kinasimama siku za baridi. Daktari ametaja sindano ya sumu ya botulinamu, ile ya kulegeza msuli, kwenye msuli wenyewe. Nikichomwa nitaandika ilivyokuwa.