Utepe wa kupimia uzito wa kondoo: thamani yake iko upande wa sentimita

Utepe huu una nyuso mbili. Upande mmoja una sentimita, wa pili una kilo zilizokwisha kukokotolewa kutokana na mzingo wa kifua. Wafugaji wengi huununua kwa sababu ya kilo. Sisi tunausifu kwa sentimita zake, na kilo tunaziamini pale tu zinapokuwa zimelinganishwa na mizani.

Tuanze na utepe wenyewe. Ule wa nyuzi za glasi uliopakwa plastiki ndio wa kuchukua, maana wa kitambaa huvutika na baada ya muda sentimita 80 zake huwa 81 au 82 za kweli. Ulaze kando ya rula ya chuma kila baada ya miezi michache. Kagua pia sifuri inaanzia wapi: kwenye baadhi ya tepe huanzia ukingoni kabisa mwa kipande cha chuma, kwenye nyingine huanzia kwenye mstari uliochorwa mbele kidogo. Asiyelitazama hilo hubeba kosa lilelile kwa kundi zima. Zile zinazojikunja zenyewe ndani ya kasha zinapendeza dukani, ila mchanga na mafuta ya manyoya hukwamisha springi. Utepe wa wazi unaooshwa kwa maji ya sabuni hudumu zaidi.

Namna ya kupima ndiyo inayoharibu kazi kuliko utepe wenyewe. Kondoo asimame mahali tambarare, miguu minne ikiwa sawa, kichwa kimeinuka na kutazama mbele. Akiinamisha kichwa, kifua hubadilika umbo. Utepe upite nyuma tu ya viwiko vya miguu ya mbele na upande wima hadi nyuma ya mabega. Ukilala mshazari, mzingo unaongezeka. Kaza hadi manyoya yalale, ila nyama isibonyee, kisha soma mnyama akishatoa pumzi. Pima mara mbili. Vipimo vikipishana zaidi ya sentimita moja, pima mara ya tatu uchukue wastani. Kwa kondoo mwenye manyoya marefu, pima baada ya kumkata, au uyatenganishe kwa vidole utepe upite karibu na ngozi.

Kwa nini sentimita moja mbili ziwe na uzito hivyo? Chukua kanuni inayotumika sana: mzingo wa kifua uzidishe kwa wenyewe, zidisha tena kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio, kisha gawa kwa 10,840. Mzingo wa 80 na urefu wa 65 hutoa kilo 38.4. Soma 82 badala ya 80, unapata 40.3. Upande wa kilo wa utepe hauulizi urefu kabisa; unachukulia kwamba kondoo wako ana umbo la wale waliotumika kuutengeneza. Hapo ndipo kondoo wa mkia wa mafuta wanapoonewa, kwa sababu mkia ule, pamoja na uzito wake wote, utepe hauuoni. Jike mwenye mimba kubwa naye yuko hivyohivyo.

Hasara ya kosa hili huonekana kwenye dawa ya minyoo. Albendazole ya asilimia 2.5 kwa kiwango cha miligramu 5 kwa kilo ni mililita 8 kwa kondoo wa kilo 40. Utepe ukisema 34, unampa 6.8, na minyoo inayonusurika dozi pungufu ndiyo inayozaa kizazi sugu. Bila mizani, pima wakubwa wa kundi na uwape wa rika hilo dozi ya mzito kuliko wote, huku vitoto ukivitenga na kuvipimia dozi yao. Kwa levamisole, dawa nyingine ya minyoo, kuwa mwangalifu zaidi, maana dozi ikizidi sana humdhuru mnyama.

Dawa ya kasoro hii ni rahisi. Azima mizani ya kuning'iniza siku moja. Ihakiki kwanza kwa dumu lenye lita 20 za maji, ambayo ni kilo 20, kisha ongeza juu yake uzito wa dumu lenyewe. Pima kondoo 20 wa ukubwa tofauti kwa vyombo vyote viwili, asubuhi kabla ya malisho, kwani chakula na maji tumboni vinaweza kuwa zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito. Jumla ya mizani igawe kwa jumla ya utepe. Mfano, 552 kwa 600 ni 0.92, basi kila usomaji wa utepe uzidishe kwa namba hiyo. Wanakondoo wafanyie hesabu yao peke yao.

Kufuatilia ukuaji wa wiki kwa wiki, usiutumie. Mwanakondoo anayeongeza gramu 150 kwa siku hupata kilo moja tu kwa wiki, na hiyo inamezwa na kosa la kupima. Hapo mizani haina mbadala.

Urefu wa sentimita 150 unawatosha kondoo na mbuzi. Utepe wa ng'ombe unaweza kuusomea sentimita, lakini kilo zake usizitumie kwa kondoo hata kwa kukisia.