Uzoefu wangu: seti ya helikoili kwenye injini ya IST, Dodoma

Kama una Toyota IST au gari lingine lenye injini ya 1NZ, na fundi amekuambia uzi wa bolti umeliwa kwa hiyo atoboe aweke bolti kubwa, mwambie asubiri kwanza: kuna helikoili, koili ndogo inayorudisha uzi ulioliwa.

Yangu ilikuwa bolti moja ya pampu ya maji. Ni M6, yaani ya kipenyo cha milimita 6, nyembamba, na bloku ya injini hii ni ya alumini. Bolti kama hiyo hukazwa kwa nyutoni mita 10 au 11 tu, nguvu ambayo mkono uliozoea nati za tairi unaipita bila kujua. Gereji iliyonibadilishia pampu ilikaza kwa kukisia. Baadaye kolanti, yaani maji ya kupozea injini, ikaanza kupungua, na pembeni ya pampu pakawa na alama ya maji yaliyokauka. Ukiigusa bolti inazunguka tu, haishiki. Ukiichomoa inatoka na vipande vya nyuzi za alumini. Kwa jua la Dodoma, na mimi barabara ya Singida ni yangu, uvujaji huo si wa kuahirisha. Maji yakiisha, hedi inapinda.

Ushauri ulikuwa mwingi: gundi ya chuma, tepu nyeupe ya mabomba, bolti ya M8. Gundi na tepu sikuzifikiria mara mbili. M8 ingelazimu kupanua hadi tundu la pampu yenyewe, na alumini inayobaki kuzunguka ingekuwa kidogo mno. Fundi mmoja wa Kizota ndiye aliyetaja helikoili.

Ni koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu. Tundu linatobolewa kwa biti ya milimita 6.3, unakatwa uzi mpya kwa tapu yake maalumu, kisha koili inazungushwa ndani. Katikati yake panabaki uzi uleule wa M6, kwa hiyo bolti ya asili inarudi mahali pake. Na kwa kuwa mzigo sasa unabebwa na uzi mpana zaidi kwenye alumini, tundu linaweza kuwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani.

Seti niliiagiza Kariakoo ikaja kwa basi, kwa bei iliyo chini ya ile ya pampu. Tapu yake naisifu, ilikata safi kabisa. Biti sikuipenda, makali yake ni dhaifu, fundi akatumia yake. Kifaa cha kuvunjia kile kimkia cha chini ya koili hakikuwemo, na hilo ni kosa la muuzaji, maana kimkia kisipotolewa bolti haifiki mwisho.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna fundi alivyofanya kazi. Upande wa mkanda nafasi ni finyu, lakini hakukubali biti ilale hata kidogo. Alipaka tapu grisi ili inase unga wa alumini, akawa anazungusha nusu mbele, anarudisha nyuma, anaitoa na kuifuta. Tundu alilipuliza kwa hewa mpaka likawa safi, na gari alikuwa ameliingiza ndani, mbali na upepo wa vumbi. Koili aliizamisha robo mzunguko chini ya uso wa bloku ili isiinue pampu. Mwisho alikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Fundi asiye na spana hiyo nisingempa kazi hii, hata kama bei yake ni nusu.

Tangu hapo nimekwenda Singida na kurudi, nimeshuka Morogoro, na kolanti iko palepale kwenye mstari.

Kabla hujaagiza, pima pichi ya uzi, yaani umbali kati ya jino na jino. Kwa M6 hakuna tabu, karibu zote ni milimita 1.0. Lakini bolti nyingi za M10 kwenye magari ya Kijapani ni 1.25, na seti za M10 zinazouzwa sana ni za 1.5. Hizo hazitaingiliana. Nenda dukani na bolti yenyewe mkononi, au mtumie muuzaji picha yake ikiwa juu ya geji ya nyuzi.