Makadirio ya umeme wa sola: yapi ya kuamini kabla ya kulipia paneli

Muuzaji akikutajia uniti utakazopata kwa mwaka, muulize kazipataje. Njia ziko nne, na hazilingani. Tumezipanga kuanzia ya kuaminika zaidi.

Ya kwanza ni uigaji wa kompyuta uliofanywa kwa vipimo vya paa lako. Programu kama PVsyst hupiga hesabu saa kwa saa: jua, joto, kivuli, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa kutumika nyumbani). Ila usikubali jibu tupu, dai ripoti nzima na ufungue mchoro wa upotevu, unaoonyesha umeme unapotea wapi na kwa kiasi gani. Ukikuta kivuli cha karibu kimeandikwa 0%, ilhali kila siku kuanzia saa tisa alasiri tanki la maji linaziba safu nzima ya paneli, ripoti hiyo imepambwa. Uwiano wa utendaji, yaani sehemu ya umeme wa kinadharia wa paneli inayobaki baada ya upotevu wote, ukipita 90% nao ushuku. Mifumo mingi ya paani huwa kati ya 75% na 85%. Na kama unanunua kwa mkopo, shika P90, yaani kiasi kinachotarajiwa kufikiwa miaka tisa kati ya kumi. P50 ni nusu kwa nusu.

Ya pili ni kanuni sanifu: kilowati za mfumo, mara namba ya jedwali kulingana na eneo, mwinamo na uelekeo wa paa, mara kipunguzo cha kivuli. Ni hesabu butu, haijui hata inveta yako ni ya aina gani. Uzuri wake, muuzaji hana pengi pa kuchezea, hivyo ndiyo ya kulinganishia wauzaji wawili. Ukinyimwa ripoti ya uigaji, hii ndiyo inashika nafasi ya kwanza.

Ya tatu, vikokotoo vya bure, PVGIS na PVWatts. Vinafaa kuhakiki. Angalia uelekeo: kwenye PVGIS kusini ni 0 na kaskazini 180, kwenye PVWatts ni kinyume chake. PVGIS huona milima, lakini mti wa jirani haiuoni.

Ya mwisho, wati za lebo mara saa za jua. Ikatae. Lebo hupimwa maabara, seli zikiwa nyuzi 25. Juani seli hufika 60. Paneli ya wati 400 inayopoteza 0.35% kwa kila nyuzi hubaki na wati 351 hivi, na hapo vumbi, nyaya na inveta bado havijachukua chao.