Mwaka mmoja ndani ya kikoba cha Kirumba: hisa, riba na mirija

Nimemaliza mzunguko mmoja wa wiki 52 katika kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha majirani hapa Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Kwa kuwa watu kadhaa wameniuliza kama inafaa kujiunga na kikundi cha namna hii badala ya kukopa kwenye kampuni, nimeona niandike tathmini yangu kwa kirefu. Jina la kikundi silitaji, kwa sababu wenzangu hawakunituma niwatangaze, na pia kwa sababu yaliyonivutia humo yanavihusu vikoba vingi.

Utaratibu wetu ni huu. Tuko wanachama 24, tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni, hisa moja ni shilingi 5,000, na kila mtu hununua hisa moja hadi tano kwa wiki, pamoja na shilingi 1,000 za mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi. Anayekopa hupewa hadi mara tatu ya akiba yake, akiwa na wadhamini wawili, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Sanduku la chuma lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu wasio viongozi. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na muhuri wa hisa hupigwa kwenye kitabu chako ukiwa unautazama. Noti za akina mama wa Mwaloni hunuka dagaa, na mhesabu fedha wetu huzinyoosha moja moja juu ya goti kabla ya kuzifunga kwa mpira. Kwa uwazi wa hesabu sijaona taasisi ya kuifananisha nayo, na nimewahi kuwa mteja wa benki mbili.

Kasoro zipo. Vikao huchelewa kuanza, na faini ya kuchelewa hutozwa kwa upole mno wanapochelewa viongozi wenyewe. Ubaya mwingine ni kwamba mwishoni mwa mzunguko fedha hujaa sandukuni kwa siku kadhaa kabla ya mgawo, wakati akaunti ya kikundi benki ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi kama chetu katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, nasi tumesajiliwa, lakini cheti hakimzuii mwizi.

Faida kubwa ya kikoba niliiona kwa jirani yangu Mama Kulwa, anayeuza dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa wavuvi wengi hupumzika. Mfanyabiashara mwenye akili hununua mzigo wakati wa giza, bei ikiwa chini, akauanika na kuutunza hadi dagaa waadimike. Kabla ya kuja kwetu alikopa kwenye kampuni moja ya mikopo ya aina ambayo watu huiita kausha damu, iliyotaka marejesho kila Jumatatu bila kujali mwezi uko wapi angani, hivyo alilazimika kuuza mzigo kwa bei ya hasara wiki ile ile aliyopaswa kuushikilia. Kikoba kinampokea akirejesha mara moja kwa mwezi. Badiliko hilo dogo la kalenda lilimsaidia kuliko punguzo lolote la riba.

Siku ya kuvunja kikoba, yaani kugawana fedha za mzunguko, ndipo penye jambo lenyewe. Kila hisa ya shilingi 5,000 ilirudi ikiwa shilingi 6,150. Nesi mmoja, ambaye alinunua hisa tano kila wiki na hakukopa hata mara moja, aliweka shilingi 1,300,000 akaondoka na 1,599,000. Mama Kulwa alinunua hisa moja kwa wiki, akaweka 260,000 na kupokea 319,800, yaani faida ya shilingi 59,800. Lakini katika mwaka huo alikopa mara tatu, jumla shilingi 900,000, kila mkopo kwa miezi mitatu, na riba aliyolipa ilifika 135,000. Kwa lugha nyepesi, alichangia faida zaidi ya mara mbili ya ile aliyorudishiwa, na tofauti ilikwenda kwa wenye hisa nyingi.

Mzee mmoja wa kikundi, fundi cherehani aliyewahi kuwa karani wa ushirika wa pamba, aliipiga hesabu hiyo nyuma ya daftari lake akaomba kusema. Alitukumbusha kuwa Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa na nyumba ya kupangisha na kupokea mishahara miwili, masharti ambayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Akasema mirija ya unyonyaji tuliyofundishwa kuikata sasa tunaitunza wenyewe kwa kufuli tatu. Hoja yake haikuwa ya kufuta riba. Alitaka ziada igawiwe kwa kadiri mwanachama alivyokitumia chama, kama walivyofanya wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844 na kumgawia mwanachama ziada kulingana na manunuzi yake. Basi aliyelipa riba nyingi naye arudishiwe nyingi.

Nesi alijibu bila hasira. Alisema fedha zake zingeweza kukaa kwenye hati fungani za serikali bila wasiwasi wa mtu kuhama mji na deni, kwamba kila wiki alijinyima ili sanduku liwe na cha kukopesha, na kwamba bila hisa zake tano Mama Kulwa angekopa wapi? Hili lina uzito. Mzee alizungumza kana kwamba mtaji huota sandukuni, naye nesi alizungumza kana kwamba fedha zake zilizaana zenyewe, wakati kilichozizalisha ni mtu kuamka alfajiri kwenda mwaloni kupokea mitumbwi na kushinda juani akigeuza dagaa.

Binafsi naona kinachokitofautisha kikoba na kampuni ni ile kanuni ya hisa tano, kuliko huo undugu tunaousifu kila Jumamosi. Kikomo hicho ndicho kinachomzuia mwenye uwezo asiligeuze sanduku kuwa lake, na kila mwanachama ana kura moja, awe na mihuri 52 au 260. Kikundi kisicho na kikomo cha hisa ningemshauri mtu asikiingie, hata kama riba yake ni ndogo kuliko yetu.

Pendekezo la mzee lilipigiwa kura baada ya kurekebishwa: nusu ya faida igawiwe kwa hisa, na nusu irudishwe kwa waliolipa riba. Lilipata kura 10 dhidi ya 14. Mama Kulwa alikuwa miongoni mwa waliolipinga, na mzee alipomtazama kwa mshangao alimwambia, “Babu, mwaka huu nanunua hisa tatu, sasa mnataka kunibadilishia kanuni nikiwa ndiyo kwanza nafika?” Mimi nililiunga mkono pendekezo. Jumamosi iliyofuata mzunguko mpya ulipofunguliwa, nilinunua hisa tano.