Unga au mahindi: uweke nini kabla Mto Nyando haujafurika?

Huku Ahero, Kisumu, ubishi ni ule ule kila mvua za Machi zikinukia. Unga wa kisiagi umesagwa na kiini chenye mafuta, kwa hivyo wiki chache tu unakuwa mchungu. Wa pakiti hukaa miezi, ila bei!

Kwa kudumu, mahindi yanashinda, mradi unyevu usizidi asilimia 13.5. Kupima, tia machache kwenye chupa ya kioo na chumvi kavu, utikise. Chumvi ikinata kwenye kioo, anika tena. Sumukuvu, sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka yenye unyevu, haiishi kwa kuchemsha, na mwaka 2004 iliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya.

Lakini kisiagi kikizama, utasaga wapi? Anayekimbilia hifadhi shuleni na watoto abebe pakiti. Mwenye dari kavu, gunia.