Jiko la peleti Ndosho: nililinunua kwa ajili ya baridi, likaishia kwenye maharagi

Kosa lilianzia kwenye simu. Yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, anaishi Liège, Ubelgiji, na jioni moja ya Julai nilimlalamikia kwamba mama analala na sweta mbili na bado miguu yake haipati joto. Watu wa pwani hucheka wakisikia Goma, huku mashariki mwa Kongo, kuna baridi. Waje walale kwetu Ndosho, kwenye nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, upepo ukiingia kila penye ufa. Volkano yenyewe, Nyiragongo, iko pale juu, usiku mwingine anga yake inakuwa nyekundu, na sisi chini yake tunatafuta blanketi la tatu.

Yaya akaniambia, "Mdogo wangu, tafuteni jiko la peleti. Mimi nyumba nzima naipasha nalo."

Wiki mbili baadaye nikaona duka moja mjini (jina nalihifadhi) limeandika kwa kalamu nyekundu: JIKO LA PELETI, DOLA 65. Sikuuliza mara mbili. Nikalibeba kwa pikipiki, nimelikumbatia kama mtoto.

Kwa wasiozijua, peleti ni unga wa mbao uliokaushwa na kugandamizwa na mashine hadi ukawa vijiti vigumu vyenye unene wa milimita 6 hivi, vifupi, vinavyometa kidogo. Hazina gundi. Ndani ya mbao kuna kitu kinachoitwa lignini. Kikipata joto la mashine kinalainika, kikipoa kinashika.

Yaya alipoliona jiko langu kwenye video alicheka hadi akakohoa. Lake ni sanduku la chuma lenye mlango wa kioo, urefu wa kufika kifuani, na bomba linalotoa moshi nje kupitia ukutani. Juu lina tangi la peleti, anamimina mfuko wa kilo 15, na parafujo inayozungushwa na umeme inaziangusha kidogo kidogo kwenye kikombe cha moto. Linajiwasha lenyewe kwa umeme, na feni yake inasukuma joto sebuleni. Umeme ukikatika, linazimika. Nikamwambia basi hata ungenitumia hilo lako, hapa lingelala zaidi kuliko mama.

Langu ni la kupikia. Kopo refu la chuma, halina bomba, na lina feni ya betri inayochajiwa kwa paneli ndogo ya jua. Muuzaji alijua ninatafuta nini, nilimweleza habari ya mama kwa dakika nzima, naye akaitikia tu, "Ndiyo mama, linatoa joto sana." Hakudanganya, ila hakusema joto hilo linaenda wapi.

Basi tulichukue kama lilivyo. Kwa kupika, nalipenda. Unajaza peleti, unawasha juu, si chini kama ulivyozoea kwenye mbabula, jiko la mkaa. Mimi naweka vibanzi vikavu na tone la mafuta ya taa, nasubiri dakika mbili za moshi, kisha nafungua feni. Hewa kidogo inapita chini ya peleti, nyingi inatokea kwenye matundu ya juu. Peleti zikipata joto zinatoa gesi, na gesi ndiyo inayowaka pale juu kwenye matundu, duara la moto kama la jiko la gesi la matajiri wa Himbi. Lita tatu za maji zilichemka kwa dakika 12 (nilipima kwa simu). Sufuria haina masizi mengi. Na ile hali ya kupuliza mbabula huku machozi yanatoka, ukiwa na kipande cha kartoni mkononi, imekwisha. Sambaza (dagaa wa ziwa letu) za kukaanga, chai, lenga-lenga (mchicha), wali: hapo sina neno.

Bugali ni habari nyingine. Jiko ni refu na jembamba, na bugali ya watu saba haisongwi kwa kubembeleza. Mara ya kwanza nilipoegemea mwiko, kila kitu kiliinama, binti yangu akadaka sufuria kwa kitambaa. Kwa fundi wa kuchomelea vyuma pale njiani nililipa dola 4, akaniwekea miguu mitatu ya nondo. Waliolichora jiko hili sidhani kama waliwahi kusonga.

Halafu maharagi. Kwenye mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100, kwa hiyo maharagi ya Goma hayana haraka na mtu. Jiko likijaa linakula kilo moja kasoro ya peleti na kunipa saa moja na robo kwa moto wa kati. Likiisha, huwezi kumwaga peleti mpya juu ya kaa, utajaza nyumba moshi mweupe wa kukata pumzi. Inabidi utoe kilichobaki, ujaze, uwashe upya, huku sufuria inapoa. Nilihangaika mwezi mzima kabla jirani, mama mmoja wa Masisi, hajanionyesha jambo lililokuwa mbele ya macho yangu: kinachobaki chini ni makala, yaani mkaa! Gesi imekwisha kuungua, kaa limebaki. Sasa maharagi yanalowekwa usiku, yanachemshwa kwa nguvu kwenye peleti, kisha lile kaa linamwagwa kwenye mbabula ya zamani na sufuria inahamia huko kuiva taratibu.

Kaa hilohilo ndilo lililotaka kutuponza, na hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa bado na hasira ya dola zangu 65. Nikasema kama jiko halipashi nyumba, kaa lake litapasha. Usiku mmoja nikaweka mbabula yenye kaa jekundu chumbani kwa mama, nikafunga mlango ili joto lisitoke. Hakukuwa na moshi hata chembe. Baada ya saa moja hivi nikamsikia anatapika. Kichwa kilimuuma, miguu haikumbeba hadi mlangoni. Tulimtoa nje, akakaa kwenye baridi ileile niliyokuwa namkinga nayo, na taratibu akarudi sawa.

Watu wa Goma tunayajua mazuku. Tangu utotoni tunaonywa tusishuke kwenye mashimo ya kando ya ziwa asubuhi, kwa sababu ile gesi ya ardhini, kaboni dayoksaidi, ni nzito kuliko hewa, inatulia bondeni na kuua mbuzi na watu. Lakini gesi ya kaa la moto ni nyingine, kaboni monoksaidi. Haitulii chini, inachanganyika na hewa ya chumba chote, haina harufu, na ikiingia kwenye damu inashika nafasi ya oksijeni. Hata kulala kwenye kitanda kilichoinuka hakukuokoi. Tunaogopa mazuku ya shimoni, halafu tunayapika wenyewe chumbani na kufunga mlango. Jiko lenyewe pia napikia uani au mlango ukiwa wazi, mvua inyeshe isinyeshe.

Kuhusu pesa. Gunia la makala nilikuwa nanunua dola 35, na kwa watu saba lilitufikisha wiki nne. Peleti kilo 50, pamoja na chukudu (baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo) hadi nyumbani, zilinigharimu dola 21 na zilidumu siku 27. Nikapiga hesabu nikafurahi, chini ya miezi mitano jiko limejilipa. Nafsi nayo ilitulia, kwa sababu makala ya mji huu kila mtu anajua mengi yanatoka kwenye misitu ya hifadhi ya Virunga, na ukichoma miti kwenye tanuri la udongo unaweza kuteketeza kilo 6 hadi 10 za mbao upate kilo moja ya makala.

Ila hesabu yangu ilisahau kwamba peleti hazioti Ndosho. Zangu zinatoka upande wa Gisenyi, Rwanda, zinavushwa mpakani pale Petite Barrière. Baada ya miezi kadhaa duka likasema subiri. Nikasubiri wiki sita. Nilijaribu maranda ya fundi seremala: feni iliyarusha kama theluji anayonitumia yaya kwenye picha, cheche nazo zikifuata. Magunzi ya mahindi yalitoa moshi. Vipande vya mkaratusi mkavu, nilivyokatakata saizi ya kidole, vilikubali, lakini nani ana nguvu ya kukata kila siku? Nikarudi kwa makala, na kwa wiki hizo jiko likawa pambo. Makala nayo hupanda bei barabara ya Masisi ikifungwa, hilo nalijua, lakini kifuko kimoja hukikosi kamwe kwenye kona ya avenyu.

Mvua ya Novemba ilinifundisha la mwisho. Niliacha nusu gunia sakafuni, unyevu ukapanda, na asubuhi vijiti vilikuwa vimevimba na kurudi kuwa unga. Sasa peleti naziweka kwenye bidoni (madumu) kavu zenye vifuniko. Feni nayo ilikufa baada ya supu kumwagika. Duka lilinikumbusha kwamba karatasi ya garanti haisemi supu. Fundi wa redio wa Birere aliifufua kwa dola 3.

Umeme wa mitambo ya maji ya Matebe ukifika avenyu yetu pengine nitanunua sufuria ya umeme kama wenzangu wa Katindo. Kwa leo, anayetaka jiko hili aende kwanza dukani kuuliza peleti, tena aulize wiki tatu mfululizo, akizikuta kila mara ndipo atoe pesa. Asinunue gunia moja, anunue mawili.

Na mama? Kwanza tulipigilia bashi (turubai) ndani ya mbao zote za chumba chake, hilo peke yake likaondoa nusu ya baridi. Kisha kila jioni, maharagi yakihamia kwenye mbabula, nachemsha maji, nayaacha yapoe kidogo, namimina kwenye bidoni ya lita 5, nakaza kifuniko na kuifunga kwa kitenge. Inaingia chini ya blanketi, upande wa miguu. Saa kumi za usiku bado ina uvuguvugu. Yaya alipoiona kwenye video aliuliza hilo nalo ni jiko la aina gani, mama akamjibu kwamba hili lake halina parafujo.