AdSense kwenye blogu binafsi: dola 100 si za kesho

AdSense ya Google, huduma inayoweka matangazo kwenye tovuti yako na kukugawia fedha za watangazaji, ipo tangu 2003, na kwa wanablogu wengi ndiyo mlango wa kwanza wa kubisha wakitaka maandishi yao yawalipe. Kujiunga ni bure. Uwe umetimiza miaka 18, makala ziwe zako na si za kunakili, na blogu ikuruhusu kubandika msimbo wao, yaani maandishi ya kompyuta yanayoleta matangazo. Soma kwanza orodha yao ya lugha zinazokubalika, usije ukaandika makala hamsini halafu ukakataliwa kwa lugha tu. Jibu la maombi yako likichelewa, usifungue akaunti ya pili: mtu mmoja, akaunti moja.

Wengi hukwama posta. Salio likifika dola 10, Google hutuma PIN, namba ya siri ya tarakimu 6 ya kuthibitisha anwani yako, kwa barua ya kawaida. Huku kwetu barua haiji mlangoni, kwa hiyo anwani ya "mtaa wa msikitini, geti la bluu" haifiki popote. Andika S.L.P., namba ya sanduku na mji. Kama sanduku ni la shule au ofisi, jina la shule au ofisi hiyo lisikose kwenye anwani, na karani anayegawa barua aambiwe mapema. Kinachokuja ni karatasi ndogo iliyokunjwa, inayofunguliwa kwa kuchana kingo, rahisi kudhaniwa takataka. Huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi. Ukiingiza PIN hiyo vibaya mara 3, au miezi 4 ikipita bila kuithibitisha, matangazo huzimwa.

Fedha hutoka kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, mradi salio limefika dola 100; likipungua, linasubiri. Tuseme blogu inaingiza senti 50 za dola kila kurasa zikifunguliwa mara 1,000. Hapo dola 100 zinadai kurasa 200,000. Blogu ya ajira na matokeo ya mitihani ya taifa (NECTA) inaweza kuzipata matokeo yakitoka. Anayeandika kumbukumbu za kijijini kwao, kurasa 3,000 kwa mwezi, atangoja zaidi ya miaka 5. Na zikifika benki, zinaweza kukatwa ada ya kupokea fedha kutoka nje. Jina la AdSense lilingane na la akaunti ya benki, na msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki yako kimataifa, uuchukue benki kwenyewe, si mtandaoni.

Kinachoua akaunti haraka ni huruma ya ndugu. "Jamani nibofyieni matangazo" kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mibofyo arobaini usiku mmoja, kesho akaunti imefungwa na fedha zimerudishwa kwa watangazaji. Wewe mwenyewe pia usibofye, hata kwa kujaribu.

Halafu kuna msomaji. Matangazo ya kiotomatiki yakiachiwa hujaza simu: moja limeganda chini ya skrini, jingine linafunika ukurasa wote kabla makala haijafunguka, na bando ni la msomaji, si la Google. Ingia kwenye mipangilio uzime aina hizo mbili, upunguze idadi, kisha uzuie makundi usiyoyataka. Tangazo la kutafuta wachumba juu ya tanzia ya bibi yako litakuudhi kuliko senti litakazoleta.

Mwandishi kulipwa si aibu. Fundi cherehani naye halipwi asante. Ila kwa blogu binafsi ndogo, AdSense ni chombo kisichofaa. Lipa Namba (namba ya kupokea malipo kwa simu) mwishoni mwa makala, au PDF ya hadithi kwa shilingi 3,000, hailazimishi kusubiri barua wala kufikisha dola 100, na wasomaji ishirini tu wanakupa shilingi 60,000.

Ukishaamua kuiacha, usiifunge kwa hasira. Akaunti iliyothibitishwa ikifungwa na mwenyewe salio likiwa limefika dola 10, hulipwa. Chini ya hapo fedha hizo zimekwenda. Kwa hiyo ngoja zitimie kumi kwanza.